Alvīne Zandberga na Sauti za Sīkrags

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Mazirbe kumsindikiza mpendwa wetu, tunaomba utulivu wenu tusome habari za maisha yake.

Alvīne Zandberga alizaliwa tarehe 3 Aprili 1938 katika kijiji cha Sīkrags, akiwa mtoto wa pili wa mvuvi Didriķis Freimanis na mkewe Mariete, na katika nyumba hiyo Kilivonia, lugha ya wavuvi wa pwani hii, kilizungumzwa mezani na mashuani, Kilatvia kikiachiwa wageni. Baada ya vita Wasovieti waliifanya pwani eneo la mpaka lenye kulindwa na askari, mchanga ukawa unapigwa reki kila jioni ili nyayo za yeyote aliyepita zionekane asubuhi, mashua zikaburutwa msituni zikaozea huko, na majirani wakahama mmoja mmoja, hata nyumba zikabaki na mapazia bila watu.

Alisoma shule ya msingi hapa Mazirbe, sekondari Ventspils, kisha Chuo Kikuu cha Tartu kuanzia mwaka 1957 hadi 1962, mwaka ambao aliajiriwa Riga kuwa mtafiti wa lugha ya kwao. Kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 1998, na kila kiangazi alirudi kijijini na kinasa sauti begani, kwa kibali cha askari, ingawa alikuwa anakwenda kwao.

Tarehe 15 Agosti 1964 alifunga ndoa mjini Riga na mhandisi Ojārs Zandbergs, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa mtoto mmoja, Velta, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1966.

Velta hakufundishwa Kilivonia, kwa kuwa mama yake aliogopa atachekwa shuleni. Shangazi Lavīze, dada wa Didriķis, aliyempa Alvīne maneno mengi kuliko mtu yeyote, hakulifumbia macho jambo hilo, akamwambia mbele ya kinasa sauti, "Wewe mtoto, unakuja kunidonoa maneno kama kuku, halafu huyu mwanao ananitumbulia macho kama samaki! Hilo sanduku lako utamwachia nani?" Alvīne alicheka, na kicheko chake kimo kwenye kanda, lakini kiangazi cha mwaka 1975 shangazi aligoma kusema lolote mpaka Velta amwamkie kwa lugha yao, mtoto akashindwa, na kanda ile ya mwisho ina mlio wa saa ya ukutani tu, na mtu anayepumua. Shangazi alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Kwa miaka mingi Alvīne alijifungia chumbani akaisikiliza kanda hiyo, na Velta, akipita nje, alisikia saa ambayo nyumbani kwao haikuwepo.

Tarehe 9 Novemba 2018 Alvīne alipata kiharusi, na alipozinduka hospitalini Kilatvia chote kilikuwa kimemtoka, amebaki na Kilivonia tu. Jioni baada ya jioni alinyoosha mkono kuelekea mlangoni akirudia maneno yaleyale, nasi tukadhani anasikia baridi, tukaufunga mlango na kumwongezea blanketi, naye akalia. Ndipo Velta, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, alipozileta kanda kando ya kitanda na kuanza kujifunza, akimfuatisha Lavīze kama mtoto wa darasa la kwanza, na mgonjwa akawajibu wote wawili, akimsahihisha aliye hai na kubishana na aliyekufa, mpaka wauguzi wakawa hawaingii peke yao.

Tarehe 2 Machi 2019 Velta alimwamkia mama yake kama watu wa Sīkrags wanavyoamkiana, mama akamtazama sana, akamuuliza, "Wewe ni wa nyumba gani?" Velta akajibu, "Yako." Mama akasema taratibu, "Basi wafungulie. Shangazi na wenzake wamesimama nje kwenye baridi, na ninyi mnazidi kuwafungia." Velta akainuka akaufungua mlango, hakuona mtu, akasogea kando kama anayepisha wageni, akawaamkia. Alvīne alikata roho jioni hiyohiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maongezi wasiyoyaelewa, majirani walioleta samaki wa moshi na mikate ya karoti, na watafiti wenzake waliokesha nasi.

Ameacha mtoto mmoja na mjukuu mmoja, Ance, ambaye siku hizi mama yake humwamsha kwa Kilivonia, naye hununa na kujifunika shuka, kama mtoto yeyote anayeamshwa.

Lala kwa amani, Alvīne, pamoja na wote waliokuja kukuchukua.