Gunnvor Sæle, Aliyefungua Mlango Wake Mwenyewe

Mchungaji, ndugu zangu, majirani wa Strandgata, wenzake marehemu wa kazini, na ninyi mliovuka kwa feri ya asubuhi katika upepo huu, mimi ni Eivind Sæle, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shangazi yangu, kama baba yangu Leidulv, kaka yake, alivyonisimulia juzi na jana mezani, kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba leo akae tu.

Marehemu Gunnvor Sæle alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Februari 1953, shambani Sæle, kaskazini mwa ghuba, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Anders na Borghild, na alizaliwa nyumbani kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga alifika kwa mashua mtoto akiwa tayari amevishwa. Alichelewa kutembea, akachelewa zaidi kusema, na alipotimiza miaka minne daktari wa wilaya, ambaye bibi yangu hakuwahi kumsema vibaya, aliwaeleza wazazi kwamba mtoto huyu ana ulemavu wa akili, na kwamba mtoto wa namna hiyo hupelekwa mahali penye watu wanaojua kumtunza, mapema, kabla mama hajamzoea kupita kiasi. Bibi alikuwa ameshamzoea, wakakaa naye miaka mitatu zaidi.

Hakusoma shule, kwa kuwa sheria ya siku zile iliruhusu mtoto kuandikwa kwamba hafundishiki, naye aliandikwa hivyo, na tarehe 5 Septemba 1960 babu alimpeleka kwenye kituo kikubwa upande wa pili wa milima, ambako aliishi miaka thelathini na moja. Huko alipata kipaimara mwaka 1968, huko alijifunza kukunja mashuka hadi pembe zikakutana sawasawa, na huko alilala katika chumba cha wasichana wengi, ambacho mlango wake haukuwa na kitasa kwa ndani, watu wakiingia saa yoyote, kuwaamsha, kuwaosha, kuwahesabu. Waliotunza walikuwa wachache na waliotunzwa walikuwa wengi, na sidhani kama yupo aliyeamka asubuhi kwenda kazini pale kwa nia ya kumuonea mtu, lakini baba anakumbuka kwamba bibi alipomtembelea kila kiangazi alirudi amenyamaza, na hakufungua kinywa hadi feri ilipogusa upande wetu. Babu Anders alifariki mwaka 1979 bila kumwona binti yake akirudi.

Mwaka 1991 vituo vile vilifungwa kwa sheria, na kila manispaa ikatakiwa kuwapokea watu wake na kuwapa makazi ya kawaida pamoja na wasaidizi, hivyo Jumatatu tarehe 9 Septemba mwaka huo Gunnvor, akiwa na miaka thelathini na minane na sanduku moja, aliingia katika nyumba yake hapa Strandgata, ghorofa ya chini, chumba kimoja, jiko, sebule na kengele mlangoni. Bibi Borghild, aliyekuwa msimamizi wake kisheria, aliogopa jiko la umeme, aliogopa barabara, aliogopa wanaume, akakubali kwa sharti moja, kwamba iwe ni majaribio ya mwaka mmoja, na yakishindikana Gunnvor ahamie nyumba ya wazee, ambako mtu hupikiwa na kuogeshwa na hakuna cha kuungua. Bibi naye alipewa ufunguo wake wa nyumba hiyo, na kila mtu katika ukoo alijua kwamba neno la mwisho ni la bibi.

Manispaa ilimtuma Jorunn Hatlestad, ambaye leo ameketi safu ya pili, na wakati ule alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano mwenye ufunguo mwingine mfukoni. Asubuhi ya kwanza Jorunn alipiga kengele, akasubiri, na ndani kulikuwa kimya, kwa sababu Gunnvor alikuwa ameketi kitandani amevaa koti, akiutazama mlango, asijue kwamba mlio ule ulikuwa wake kuujibu. Jorunn alipiga tena, akasubiri kwenye mvua, na siku ya pili vivyo hivyo, akizungumza naye kupitia upenyo wa barua na kumwachia mkate kizingitini, hadi jirani wa juu, bwana Oddleiv, fundi wa feri, akamwinamia kutoka dirishani akamwambia, "Wewe binti, si una ufunguo? Fungua uingie, utaugua mafua bure." Jorunn alimjibu, "Ufunguo ninao, lakini nyumba si yangu," na Oddleiv alifunga dirisha, naye mwenyewe alisimulia kwa miaka mingi baadaye kwamba alidhani manispaa imemtuma mgonjwa kumtunza mgonjwa. Mwisho wa wiki mlango ulifunguka kidogo, na marehemu, akichungulia, akauliza, "Kwa nini huingii?" Jorunn akasema, "Nasubiri uniambie." Shangazi alifunga mlango, akaufungua tena, akasema, "Ingia."

Tangu siku hiyo kazi ilianza, na ilikwenda polepole, kwa sababu Jorunn alikuwa na desturi ya kufundisha akiwa ametia mikono mifukoni mwa aproni, asije akanyakua kisu au sufuria kwa haraka ya kusaidia, na kwa hiyo viazi vilimenywa vikabaki vidogo kama zabibu, sufuria mbili ziliungua, na kanzu nyeupe ya kanisani ilitoka kwenye mashine ya kufulia ikiwa ya rangi ya waridi, na shangazi akaipenda zaidi. Alijifunza kupanda basi la mjini, kuchagua samaki, kuoka keki bapa kwenye chuma, na alijifunza kupita kiasi jambo la kengele, kwa kuwa aliona raha ya kufungua mlango ni kubwa mno kuiacha itokee mara chache, akaanza kumwalika kila aliyekutana naye dukani, hata muuza mashine za kufagia, ambaye alikula keki, akanywa kahawa, akaulizwa habari za mama yake, akaondoka bila kuuza kitu.

Yote hayo bibi aliyasikia kwa simu na hayakumtuliza, na Jumamosi moja ya Mei 1992 alivuka kwa feri bila kuarifu, na kikapu cha mikate, siagi na nguo za ndani mpya, akatoa ufunguo wake akafungua akaingia, kama mama yeyote aingiavyo kwa mtoto wake. Gunnvor alikuwa jikoni mbele ya chuma cha keki. Aligeuka, akamtazama mama yake katikati ya sebule, na viatu vyake vya feri juu ya zulia, akasema, "Mama, toka nje, uanze upya."

Bibi alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Gunnvor alimpokea kikapu, akakiweka juu ya meza, akamshika mkono bila ukali, akamfikisha kwenye ngazi za nje, akafunga mlango. Jorunn alikuwa jikoni, mikono mifukoni, na ametueleza kwamba katika miaka yake yote ya kazi haikumuwia vigumu kiasi kile kunyamaza, maana alijua aliyeko nje ndiye mwenye neno la mwisho, na neno moja lake lingemrudisha Gunnvor kwenye kitanda cha watu wengine. Bibi alikuwa nje kwenye upepo, tiketi ya kurudi imo kikapuni, kikapu kimo ndani, na ufunguo uko mkononi mwake. Alikuwa mtu mwenye heshima zake kijijini, na hakuna aliyewahi kumtoa popote. Keki iliyokuwa kwenye chuma iliungua na hakuna aliyeigusa. Halafu kengele ikalia.

Marehemu alijitazama kwenye kioo, akaweka nywele sawa, akafungua, akasema, "Karibu, Mama, vua viatu." Walikula keki, bibi akala na ile iliyoungua, na kabla ya feri ya jioni aliuweka ufunguo wake mezani akamwambia Jorunn, "Aliyeweza kunifungia mimi nje, mwacheni akae na mlango wake." Majaribio yalikwisha siku hiyo, miezi minne kabla ya wakati, na bibi, hadi alipofariki mwaka 2003, alipiga kengele na kusubiri, na alikuwa akisema kwa majivuno kwamba katika ghuba nzima hakuna binti anayempokea mama yake kwa adabu kama wake.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa Februari 1993 katika udobi wa hoteli bandarini, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu Juni 2015, na wenzake mliopo hapa mnajua kwamba shuka lililokunjwa vibaya hakulipitisha hata kama limekunjwa na meneja, na kwamba meneja alilikunja upya.

Kuhusu ndoa, hakuolewa, lakini tangu ngoma ya Krismasi ya mwaka 1997 alikuwa na mwenzi, Arnfinn Myklebust, ambaye naye alikuwa na nyumba yake na wasaidizi wake upande wa pili wa daraja, na ambaye kila Jumamosi alikuja amevaa tai, akapiga kengele. Arnfinn alimwomba waishi pamoja, akamwomba zaidi ya mara moja, na jibu la shangazi lilikuwa swali, "Sasa nani atapiga kengele?" Arnfinn alilifikiria, akaona lina maana, wakaendelea hivyo hadi tarehe 20 Novemba 2011 alipofariki, na Jumamosi zilizofuata shangazi aliendelea kuoka, na bwana Oddleiv, bila kuombwa na mtu, alishuka kutoka ghorofani akapiga kengele akiwa amevaa tai.

Hakujaliwa mtoto. Mimi na mke wangu tulimletea wetu wawili, na kwake walijifunza jambo ambalo nyumbani kwangu limenifungia milango kadhaa usoni, kwa sababu siku hizi nikiingia chumbani kwao bila kugonga naambiwa nitoke nje nianze upya.

Ugonjwa wa moyo ulionekana mwaka 2018, na Oktoba 2019 alilazwa, ambapo madaktari, kwa upole na kwa sababu za kweli, walishauri asirudi tena kuishi peke yake bali aende nyumba ya wazee. Tulikaa kikao wodini, tukaongea muda mrefu juu ya dawa, usiku na ngazi, na tulipomaliza daktari alimuuliza yeye anataka nini, akasema, "Nina nyumba." Alisema hilo tu, na daktari, namshukuru, aliandika hilo tu. Manispaa ilipanga wauguzi wa kupita mchana na usiku, ikafunga kisanduku cha ufunguo ukutani, na marehemu alikubali kwa sharti lake, kwamba kila ajaye apige kengele kwanza na asubiri hadi asikie "Ingia". Walisubiri, kwenye barafu na kwenye mvua ya mawe, na sauti ilipopungua walijifunza kuegemeza sikio mlangoni.

Alhamisi iliyopita, tarehe 6 Februari 2020, Jorunn alifika asubuhi, akapiga kengele, akasubiri. Akapiga tena. Bwana Oddleiv, aliyekuwa akizoa theluji kwa koleo mbele ya nyumba, aliacha, akavua kofia, akaja kusimama karibu naye, na wakasubiri wote wawili, kwa muda ambao Gunnvor angehitaji kuvaa viatu vya ndani, kupita sebuleni, kujitazama kwenye kioo na kuweka nywele sawa. Kisha Jorunn alitoa ufunguo kisandukuni, akafungua, akavua viatu, na akiwa kizingitini alisema, "Samahani, Gunnvor, nimeingia." Marehemu alikuwa kitandani mwake, uso ameuelekeza mlangoni, na amekwisha kuondoka. Ilibaki wiki moja na siku moja atimize miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, wauguzi wa usiku wa manispaa, majirani wa Strandgata na hasa bwana Oddleiv, wafanyakazi wa udobi waliokunja mashuka ya jeneza hili wenyewe, na Jorunn Hatlestad, ambaye kwa miaka ishirini na minane alikuwa na ufunguo na aliutumia asubuhi moja.

Nyumba inarudishwa manispaa mwisho wa mwezi. Leo bado ni yake, na baada ya mazishi mnakaribishwa wote huko kwa kahawa na keki. Mlango utakuwa umefungwa. Tunaomba kila mmoja apige kengele na asubiri, hata akisikia watu wanaongea ndani, na baba yangu Leidulv atakuja kufungua.

Pumzika kwa amani, Shangazi Gunnvor. Hakuna atakayeingia huko ulipo kabla hujasema.