Mchawi Kafa, Mwenyewe Hayupo

Kinyozi alijifanya kasinzia, lakini masikio yote alikuwa ameyatega kwenye kiti cha mbele yake. Hapo fundi cherehani alikuwa akimsuta shemeji yake, anayeongoza mchezo wao wa Jumamosi, ule wa kete na hadithi za majoka: kiongozi hubuni dunia, na kila mchezaji ana mhusika wake ndani yake.

"Mchawi wangu nimemlea mwaka mzima. Nakosa siku moja tu, joka linammeza?"

"Kete ndizo zilizoamua, shemeji."

"Ehee! Milima umeumba wewe, mito umeumba wewe, kumfufua mtu mmoja ndiyo kete zinakukataza?"

"Sheria ni sheria."

Kinyozi alimchungulia shemeji kwa jicho moja, nusura acheke. Muumba mzima wa dunia, mkono wa shati hauna kifungo!

Basi likasimama, fundi akainuka. "Haya. Jumamosi uumbe na meza, maana ile mnayochezea sebuleni kwangu nayo imeshamezwa na joka."