Ua la Chelimo Lina Jina Tayari

Benchi la Drusilla, muuza chai, liko Sosiot, kando ya kituo cha kupimia majani ya chai, na wanaolikalia alasiri ni watu waliochuma tangu asubuhi na sasa wanangoja lori lisilo na haraka. Mgongo unauma, vidole vimeingia weusi, na mvua nyembamba haijaamua kunyesha wala kuacha. Alhamisi hiyo Kipkemoi alifika, akaweka kikapu chini, akaketi bila kusalimia. Mosoti, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, alimtazama mara moja akajua kuna neno. Zack, ambaye ni Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama, akasogea kumpisha.

— Yule msichana wa maua amepiga simu? Redio akauliza.

— Amepiga.

— Na?

— Si mpya.

Drusilla akaacha kumimina chai.

Mwaka uliopita mtafiti wa mimea, Chemutai, alishuka mtoni kwenye shamba la Kipkemoi akakuta haibiskasi ya mwitu, maua ya manjano yenye moyo wa zambarau iliyokolea. Zamani, Kipkemoi alipotaka kufyeka pale apande chai, mkewe Chelimo alisimama mbele ya panga, akasema kichaka hiki kitabaki. Chemutai alikata tawi, akalibana katikati ya magazeti, akasema huenda sayansi haijaujua mmea huu. Ukiwa mpya, atapendekeza uitwe kwa jina la mama aliyeutunza. Chelimo alicheka mpaka akakohoa. Mwezi wa pili baada ya hapo walimzika. Tangu hapo benchi zima lilikuwa likingoja pamoja na Kipkemoi.

— Si mpya namna gani, Mzee? Wakili akauliza. Nani ameiona kabla yetu?

— Kuna mzungu alikauka zamani... hapana, tawi ndiyo ilikauka. Mzungu aliipeleka kwao, ikaandikwa jina, ikawekwa kabatini. Miaka zaidi ya mia. Halafu mwingine akaiokota kwingine, akaipatia jina ingine. Sasa wamelinganisha na hii yetu, wameona ni mmea mmoja. Jina ya kwanza ndiyo inashinda.

— Ata kama hakuwahi kuinyunyizia maji?

— Ata kama.

Redio akapiga paja.

— Hao watu walikuja na kalamu, bana! Wakimaliza maua wataingia kwa ng'ombe. Utaamka siku moja ile freshian yako inaitwa Wolfgang.

— Ngoja, ngoja, Wakili akasema, sauti yake ikapanda kama ya mtu mbele ya hakimu. Hiyo maua imekaa kwa Mzee zaidi ya miaka kumi na mbili, na huyo mzungu hajakuja kuidai. Kwa sheria ya mashamba, ni ya Mzee na jina yake. Twende kortini.

— Umshtaki nani? Maiti? Redio akauliza.

— Kabati! Tunashtaki kabati.

Siku nyingine Kipkemoi angecheka. Leo alishika kikombe kwa mikono miwili, akasikia joto likiingia kwenye vidole, basi.

— Tena anasema, akaendelea polepole, ati wengine wanataka kuitoa kwa haibiskasi kabisa. Wamepima damu yake. Ati ukoo haukukaa vizuri. Bamia ni binamu, pamba ni binamu, sasa hii wanaulizana ni ya nyumba gani.

— Pamba? Redio akaruka. Basi nimeelewa! Wanatafuta shati inayoota mtini. Ndiyo maana chai inauawa bei, tung'oe, tupande mashati!

— Redio, Drusilla akasema, nyamaza kidogo. Mtu amechoka.

Maji yakadondoka kutoka kwenye bati.

Mwanamke mgeni aliyekuwa amejikinga mvua ukutani, mchumaji mpya aliyejitambulisha kwa Drusilla kuwa Metrine, akasogea karibu.

— Samahani wazee. Nyinyi wenyewe hapa mnaiitaje?

— Maua ya mtoni, Redio akasema.

— Hiyo ni mahali inakaa. Jina?

Redio akamtazama Wakili. Wakili akatazama barabara.

— Mama watoto alikuwa na jina yake, Kipkemoi akasema. Ya Kipsigis. Alifundishwa na mama yake.

— Gani?

Kipkemoi alifungua mdomo. Alimwona Chelimo ameinama kando ya maji, aliona midomo yake ikitamka. Sauti haikuja.

— Alikuwa akiniambia, akasema. Mimi nilikuwa naitikia tu.

Drusilla alijua pole haingetosha.

— Si umpigie dada yake, Chepngeno? akamuuliza. Si yuko Siongiroi?

— Nilimpigia Krismasi. Aliniuliza mimi ni nani.

Kipkemoi akaweka kikombe chini, bado kina nusu.

— Nitaenda hata hivyo. Nitamshikisha maua yenyewe mkononi. Labda mkono unakumbuka.

— Leo? Drusilla akauliza.

— Hii maua inafunga jioni, mama. Inakuwa kama kitambaa imekunjwa. Kesho asubuhi, ikifunguka tu.