Bi. Farhiya na Kisanduku cha Mwisho

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi. Farhiya Abdub, mpangaji kurasa wa kiwanda chetu cha uchapaji hapa Isiolo mjini, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba 2025. Kukaa kazini alikuweza. Kukaa kitini ndiko kulikomshinda. Akiisubiri kompyuta, huzunguka meza, hufungua dirisha, hulifunga, kisha huuliza kama kuna chai.

Alianza enzi za kupanga kurasa kwa makasi na gundi. Kompyuta zilipokuja alizipenda mwezi mmoja, kisha zikamchosha. Kitabu kirefu hupangwa kwa visanduku vya maandishi vilivyounganishwa: maneno yakijaa cha kwanza humwagikia cha pili, kama maji ya mifereji ya umwagiliaji ya Rapsu yanavyopita shamba hadi shamba. Kurekebisha kisanduku kimoja kimoja kwa mkono kulimtia wazimu. Akajifunza kuandika skripti, yaani maagizo ya kuiamuru kompyuta ipite kila kisanduku, irekebishe, iende kinachofuata, hadi mwisho.

Haraka haraka haina baraka. Skripti yake ya kwanza ilifuta visanduku vitupu kuanzia mbele. Kila kimoja kilipoondoka, cha nyuma kilisogea kuchukua nafasi yake, na kompyuta ikakiruka. Kijitabu cha harusi ya binti wa mkurugenzi kikatoka na kurasa tupu mwishoni, wageni wakaendelea kufunua wakidhani kuna hotuba nyingine. Sisi tulicheka wiki nzima, yeye hakucheka. Aliigeuza skripti ianzie mkiani, na haikuruka tena.

Siku tunayomkumbukia zaidi, hata hivyo, ni ile ya makubaliano ya amani ya kule Kipsing. Wafugaji wa Kiborana na wa Kiturkana walikuwa wamepatana baada ya ugomvi wa maji, na kijitabu cha lugha zote mbili kilitakiwa kusomwa mkutanoni kesho yake. Skripti ilipita visanduku vyote, ikatangaza imemaliza. Mashine ikawashwa. Bi. Farhiya hakutulia. Alirandaranda na nakala mkononi hadi akaona kwamba upande wa Kiturkana unaisha mapema. Maneno yalikuwa yamezidi kisanduku cha mwisho, na yasiyoingia hayachapwi. Maneno hayo ndiyo hasa yaliyowaruhusu Waturkana kunywesha mifugo kisimani wakati wa ukame.

"Ganya, zima hiyo mashine," alimwambia mpiga chapa wetu. "Hawa watu tumewanyima maji."

Ganya alinung'unika kuhusu karatasi, mkurugenzi akafoka, lakini jioni hiyo tulichapa upya. Tangu hapo skripti yake ikifika mwisho haisemi imemaliza, bali huuliza kwanza kama kuna maneno yaliyobaki nje.

Mimi Nangiro ndiye ninayerithi meza yake, na siku hizi silali vizuri. Skripti ameniachia, wasiwasi wake sijui kama unarithika. Mwezi ujao makubaliano yale yanachapwa upya bila yeye, na naogopa. Mama yangu ni Mturkana, anaishi Kipsing. Ukame uliopita alipeleka mbuzi wake kisimani, na hakuna aliyemzuia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Bi. Farhiya, Mungu akupe afya, na mvua za wakati wake huko nyumbani kwako Burat. Kwa niaba ya mama yangu, asante kwa maji.