Karatasi ya 412 ya Blásida Ovelar

Jana Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tano asubuhi, mke wangu alinirudishia kikombe cha tereré, chai yetu baridi ya majani, akasema, "Asante," nami nikaacha kummiminia, kwa kuwa kwetu asemaye asante juu ya kikombe ametosheka, hataki tena.

Blásida Ovelar alizaliwa tarehe 3 Februari 1966 katika kijiji cha Potrero Yvaté, mkoa wa Caazapá, mtoto wa pili wa seremala Eligio Ovelar na mkewe Ña (yaani Bi) Ceferina, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari mjini, na mwaka 1989 akahitimu ualimu wa hisabati huko Villarrica. Tulifunga ndoa tarehe 12 Januari 1991, tukajaliwa mabinti wawili, Liz Mabel na Rocío. Alifundisha miaka kumi na tisa, na tangu 2009 aliitumikia manispaa yetu akipima maendeleo ya elimu na stadi za vijana, kazi ambayo wakubwa wake waliidhani ni kujaza fomu.

Mwaka jana manispaa ilisimamisha bango uwanjani, kwamba vijana 412, yaani tisini na sita katika kila mia, sasa ni mafundi seremala wenye vyeti. Blásida aliichukua orodha hiyo, akazunguka nyumba kwa nyumba na futikamba ya marehemu baba yake, akimwomba kila kijana apime mlango wa kwao na kusoma urefu wake. Alifikia vijana 411, walioweza ni 131.

Mkurugenzi wa elimu alimwambia mbele yangu, "Ña Blásida, we andika 'amehudhuria', yaishe. Nani atakwenda kupima milango?"

Akamjibu, "Wa ofisi yako nimeshaupima. Vijana wako waliutengeneza, ndiyo maana haufungiki."

Ripoti ilirudishwa kwa sababu moja, kwamba karatasi ya kijana mmoja haipo, na bango likapakwa rangi upya.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2024, daktari akamkataza safari za miguu, naye alikuwa amebakiza nyumba moja, kilomita sita kutoka kwetu. Jana saa sita na robo alianguka kwenye kizingiti chetu, buti zikiwa mguuni, akafariki saa tisa alasiri katika hospitali ya mkoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na walimu wenzake waliobeba jeneza. Manispaa imeleta shada la maua na kuomba nafasi ya kuzungumza. Kwao nasema asante, kama ile ya Blásida.

Leo alfajiri nilikwenda katika nyumba ile iliyobaki. Zunilda Ayala, mwenye miaka kumi na tisa na cheti ukutani, aliigeuzageuza futikamba mkononi, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii hatukuwahi kuishika. Tulivalishwa aproni, tukapigwa picha, tukapewa soda."

Nikaandika: hakuweza. Saa mbili niliiweka ripoti juu ya meza ya mkurugenzi, nikasubiri mpaka ikagongwa mhuri, na nilipotoka niliuvuta mlango nyuma yangu, haukufungika.

Pumzika, Blásida. Karatasi zote zipo.