Niliomba Seva Ianguke

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Bwana asifiwe na nyie wa kule nyuma mnaohangaika na makoti, kaeni tu, baridi mmeshaiacha nje! Mimi ni Mama Atupele. Wengi mnanijua kwa maandazi kuliko kwa maombi. Nimeomba dakika kumi, mchungaji amenipa tano. Tutaona.

Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyoiokoa nyumba yangu, na alivyoiokoa kwa gemu ya kompyuta. Ndiyo, gemu! Mzee wa kanisa, usinikunjie uso. Ngoja nimalize, ndipo uamue kama unanitoa nje.

Mume wangu mnamjua, Gwakisa, yule mfupi mwenye kipara anayepanga viti. Mdogo wake anaitwa Lusajo, shemeji yangu. Wazazi wao walifariki Lusajo akiwa bado mtoto, huko kwetu Tukuyu, na Gwakisa ndiye aliyemlea. Alimpikia, akamsomesha, na alipofika hapa Toronto akahangaika mpaka akamleta. Kwa hiyo Lusajo hakuwa mdogo wake tu, alikuwa kama mtoto wake wa kwanza. Tulikaa wote pale Mount Dennis, vyumba viwili, Atupele wangu akiwa bado hajaanza shule. Hao ndugu wawili walikuwa wakianza kucheka, jirani wa juu anagonga sakafu.

Sasa kukatoka hiyo gemu. Waliisubiri kama watu wanaosubiri mzigo kutoka nyumbani. Ni ya kupigana na mashetani: unaingia mapangoni na makaburini, unayafyeka, yanaanguka, na yakianguka yanamwaga dhahabu na mapanga na kofia za chuma. Mume wangu alijichagulia jitu moja lenye ndevu mpaka kifuani na mabega kama kabati. Nikamtazama yeye, nikalitazama jitu, nikanyamaza, maana ndoa ni kuvumiliana. Shemeji naye akawa mwanamke mwenye upinde. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Shemeji, huyu ana mbio." Haya.

Lakini gemu ile ilikuwa na tabia moja ya ajabu. Haikubali kufunguka bila mtandao! Hata kama unataka kucheza peke yako, chumbani kwako, kwa kompyuta yako uliyoinunua kwa jasho lako, lazima kwanza iwasiliane na mitambo ya wenyewe huko mbali, wanaiita seva. Seva ikikataa, unabaki umekaa tu. Ni kama ununue sufuria, halafu kila ukitaka kupika umpigie simu aliyekuuzia. Wiki ile ya kwanza dunia nzima ilikuwa inagombea kuingia, na mume wangu alikaa anasoma maneno yaleyale mekundu ya kumwambia ajaribu baadaye. Akatoka chumbani amevimba. "Seva imeanguka!" Na mimi ndipo nilipojifunza neno hilo.

Ikikubali nayo ina vituko vyake. Mtandao ukikwama kidogo tu, jitu linasimama kama limepigwa butwaa, na mashetani hayakwami, yanaendelea kula. Mtandao ukirudi, jitu limeshakufa. Na usimwite mtu mezani! "Haisimami hii, mke wangu, haisimami!" Chakula kinapoa, haisimami. Mtoto analia, haisimami. Nilikuwa natamani kuitupa dirishani, nawaambia ukweli mbele za Mungu.

Basi hapo bado tulikuwa na furaha. Tabu ilikuja baadaye, na haikutoka kwenye gemu, ilitoka kwenye midomo.

Gwakisa alimtafutia mdogo wake kazi kiwandani kwake, kiwanda cha mikate. Alimwombea kwa msimamizi, akaweka jina lake mwenyewe dhamana. Lusajo akafanya, akachoka, akaacha. Kuacha si dhambi, lakini hakumwambia kaka yake. Gwakisa akaipata habari kwa msimamizi, mbele ya wenzake, na wakamcheka. Alirudi nyumbani hata koti hajavua. Mimi nina wageni sebuleni, nimemimina chai, nasikia, "Bila mimi ungekuwa wapi wewe?" Na yule kijana, badala ya kuinama, akamjibu, "Sikukuomba unilete."

Ndugu zangu, chai ilipoa mikononi mwa watu.

Kuanzia siku ile hawakusemezana. Shikamoo ikafa nyumbani mwangu! Mmoja akiingia jikoni, mwenzake anatoka. Mimi nikawa posta. "Shemeji, mwambie kaka nimelipia umeme." Kaka mwenyewe amesimama palepale, anasugua miwani yake! "Mwambie nimesikia." Kila mmoja akirudi kazini anaoga, anachukua sahani yake, anafunga mlango, na kinachosikika ni kubonyeza tu, tak-tak-tak-tak, chumba hiki na chumba kile. Majani yakaanguka, theluji ikaja, bado tak-tak-tak.

Nikasema, shetani nimemwona. Yumo humo kompyutani! Gemu hii ndiyo inayowapa pa kujifichia, wangekosa pa kukaa wangetazamana. Nikaingia kwenye maombi, na mimi nikiomba siombi kidogo. Nikafunga kila Jumatano. "Bwana, iangushe seva yao! Iporomoke, isisimame tena!" Mnacheka? Nililia machozi! Na kadiri nilivyoomba, ndivyo seva ilivyozidi kuwa nzima. Yale maneno mekundu sikuyaona tena.

Halafu siku moja shemeji akanijia jikoni, akanipa salamu ya kupeleka iliyonikata maini. "Mwambie kaka nimepata kazi Alberta, kule mbali magharibi. Nasafiri Jumapili ijayo asubuhi." Nikapeleka. Mume wangu akasema, "Mwambie nimesikia." Nilitaka kumpiga na mwiko.

Mnaelewa uzito wake. Kwetu mtu hafungi safari bila mkubwa wake kumwombea. Na yule mkubwa ndiye baba, ndiye mama, hana mwingine. Kijana akitoka mlangoni bila neno la kaka yake, atapiga simu lini? Akioa, atamwambia nani? Nilimjua Lusajo, ana kiburi kilekile cha kaka yake. Akiondoka hivyo, hatumpati tena. Nikawa nakunja nguo zake huku nalia ndani ya sanduku lake.

Sasa sikilizeni Mungu. Katikati ya wiki ile nilikuwa napitisha chai vyumbani, maana hata chai walikuwa wanakunywa mbalimbali. Nikaingia kwanza kwa shemeji, nikaweka kikombe. Kwenye skrini naona pango, moto, mashetani mekundu, na chini pale limelala jitu lenye ndevu, limekufa. Yule mwanamke mwenye upinde amesimama juu yake, anapigwa huku na huku, hakimbii, ameliinamia analinyanyua. Nikatoka. Nikaingia kwa mume wangu na kikombe cha pili. Kwenye skrini yake pango lilelile! Moto uleule! Jitu ndiyo linasimama, na pembeni yake mwanamke mwenye upinde.

Nikashika kiuno. "Baba Atupele, huyo mwanamke ni nani?"

"Mtu tu," akasema, hata hakugeuka, lakini masikio yalikuwa mekundu. Mwanaume wa Tukuyu masikio mekundu!

Nikaenda kukaa bafuni, nikajifungia, nikacheka na kulia pamoja. Baadaye wakanieleza inavyokuwa. Kwa sababu gemu ile haichezeki bila mtandao, ukiingia tu, jina lako linawaka kijani kwa mwenzako. Anabonyeza, anatokea hapo ulipo. Hakuna kubisha hodi. Hakuna anayelazimika kutangulia kusema. Na hawa wawili, kila jioni, mmoja alikuwa anakaa anasubiri lile jina liwake, na likiwaka anabonyeza, na wanapigana bega kwa bega bila kuandikiana hata neno moja. Akianguka huyu, yule anamwinamia. Miezi yote ile! Mimi nafunga Jumatano nikiomba seva ife, kumbe seva ndiyo kitu pekee kilichobaki kinachowakutanisha watoto wa mama mmoja!

Nikapiga magoti palepale kwenye zulia la bafuni. "Bwana, ile sala naifuta! Ishike seva! Watu wa seva wabariki, umeme wao ubariki!" Nilijua bado ni ishara tu, hawajasemezana, lakini panapovuja hivyo panaweza kupasuka.

Jumamosi ikafika. Sanduku liko mlangoni. Mimi napika ndizi na nyama, za kumuaga mtu ambaye haagwi. Nikachungulia huku, nikachungulia kule. Walikuwa wamelifikia shetani moja kubwa sana, joka la ukubwa wa ghorofa, ambalo nilisikia walikuwa wanalishindwa tangu zamani. Tak-tak-tak-tak, kuta zinatetemeka. Nikarudi jikoni nikaomba kwa roho na kwa mwiko. Na palepale, ndugu zangu, tak-tak ikakatika. Vyumba vyote viwili. Kimya.

Nikakimbia kuchungulia kwa mume wangu. Skrini nyeusi, maneno mekundu. Seva imeanguka!

Nilitazama juu nikasema, "Bwana! Ile ilikuwa sala ya zamani!"

Nimejishika kichwa hivi, nimesimama koridoni, nasikia sauti ya mume wangu inapiga ukuta kama wakati ule wa zamani. "Lusajo! Na wewe imekutupa?"

Nikashika moyo. Halafu kutoka chumba cha pili, "Imenitupa, kaka! Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nikunyanyue!"

Haleluya! Nani anamwelewa Mungu? Milango miwili ikafunguka. Nikaona vipara viwili, maana shemeji naye cha kwake kilikuwa kinaanza, vinatazamana koridoni, wameshasema na maneno hayarudi tena kinywani. Gwakisa akakohoa. Halafu akasema, "Ulikuwa umesimama vibaya, lile joka lilikuwa kushoto." Na yule akajibu, "Kaka, wewe ndiye uliyelifuata!" Wakaanza kubishana! Wakaenda sebuleni wanabishana, wanaonyeshana kwa mikono, hapa lilikuwepo joka, hapa mimi, hapa wewe. Walikaa kochi moja wanasubiri seva irudi. Na mimi jikoni nikageuka tena, nikaomba isirudi. Malaika wa zamu siku ile sijui walikuwa wananiandika vipi.

Haikurudi mpaka tumekula. Tulikula sahani moja, mikono mitatu, Atupele kalala mapajani kwa baba yake mdogo. Katikati ya ndizi mume wangu akaacha kutafuna. Akasema, "Siku ile nilikusema mbele ya watu. Sikutakiwa." Hakuongeza. Kwake yeye, hiyo ni hotuba. Lusajo akaweka tonge chini, akasema, "Na mimi nilikuficha. Niliogopa utaniona mvivu." Basi wakaendelea kula, na mimi nikaenda kutafuta chumvi isiyohitajika, kwa sababu ya macho.

Asubuhi ya safari Lusajo alivaa koti, akabeba sanduku, akafika mlangoni akaliweka chini. Akapiga magoti hapo kwenye viatu vyenye theluji. Gwakisa, mnamjua, haombi mbele za watu. Hapa kanisani ni miaka, mmewahi kumsikia? Akaweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wake. Tukasubiri. Tukasubiri. Nikafumbua jicho moja, naona mkono bado uko palepale kichwani. Mwishowe akasema, "Bwana, huyu ni wangu." Akashindwa kuendelea. Nikamsaidia na amina.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Lusajo yuko Alberta mpaka leo, mzima, anapiga simu kila Jumapili, ana mchumba tayari, na ni Gwakisa anayepanga posa. Tumshukuru Mungu! Anatujibu na tunapoomba vizuri, anatujibu na tunapoomba ovyo, na anajua siku ya kutujibu kuliko sisi.

Mzee wa kanisa, naona unatabasamu, kwa hiyo sitoki nje. Namalizia. Sikuja kumwambia mtu anunue gemu, wala kumwambia atupe. Nimekuja kwa ajili yako wewe uliyekaa hapo, ambaye kuna ndugu yako mmoja hamsemezani, na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Mwamini Bwana kwa hilo. Usingoje mpaka asimame mlangoni na sanduku. Simu unayo mfukoni, nimeiona, ulikuwa unaichezea tangu mahubiri. Toka nayo hapo nje kwenye ngazi, mpigie, mwambie neno lolote, hata la kipuuzi. Nenda sasa hivi. Mchungaji atasubiri, na mimi dakika zangu zilizobaki nakupa wewe.