Zamu za Jumapili

Treni ya asubuhi ilikuwa haijafika hata kituo cha pili, na tayari mpishi wa hospitali alikuwa amemweleza mama aliyeketi kando yake, mwalimu mstaafu, jinsi msimamizi alivyompangia zamu ya Jumapili kwa mwezi wa tatu mfululizo.

"Nawe ulimwambia nini?" mama akauliza.

"Nimwambie nini, mama? Mtu mzima halalamiki. Anameza."

"Mbona tangu tupande unanilalamikia mimi?"

Abiria wa nyuma akakohoa kuficha kicheko. Mpishi akahisi masikio yanawaka.

"Nakusimulia tu."

"Umenisimulia mimi, na bila shaka umemsimulia mumeo na majirani. Asiyejua ni msimamizi peke yake. Huko si kukomaa, mwanangu, ni kuogopa."

"Nikimkabili nitalia."

"Basi lia, ukimaliza endelea kusema."

Treni ikasimama. "Bado sikubaliani na wewe hata kidogo," mpishi alisema akishuka. Lakini alipofika kazini alilipita jiko bila kuvaa aproni, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya msimamizi, akagonga kwa nguvu kuliko alivyokusudia.